Karafuu, oregano, mchaichai, mdalasini au kitunguu saumu: upi wa kuchanganya kwenye chakula cha sato?

Nimeulizwa hili swali na wafugaji wenzangu watatu ndani ya mwezi mmoja, mmoja ana mabwawa ya udongo kama mimi huku Morogoro, wawili wana vizimba ziwani, na wote wanauliza kwa namna ileile, eti mafuta gani ya mimea ndo mazuri kuweka kwenye chakula cha samaki? Ukimuuliza muuzaji atakwambia yote mazuri, hasa hayo aliyonayo dukani. Mimi nitakwambia inategemea unanunua peleti (chakula cha vidonge vilivyokaushwa) au unatengeneza mwenyewe, samaki wako wana umri gani, na kwako ni kipi kinapatikana bila kupigwa.

Kwanza tuelewane, siongelei alizeti wala mawese. Naongelea yale mafuta ya harufu yanayotolewa kwa mvuke kwenye maua, majani, vikonyo au magome, yako kwenye vichupa vidogo, ukiacha kichupa wazi yanaruka hewani. Hiyo tabia ya kuruka ishike vizuri maana hela ya wengi inapotelea hapohapo.

Na kwanini watu wanahangaika nayo? Dawa za antibayotiki. Ulaya walipiga marufuku kuzitumia kama kikuzio kwenye chakula cha mifugo tangu Januari 2006, hapo watafiti na makampuni ya chakula wakaanza kutafuta mbadala, na mimea yenye harufu kali ikawa ya kwanza kukimbiliwa. Huku kwetu mtu anaingia tu duka la mifugo anatoka na oksitetra ya kuku anaenda kumwaga bwawani, bila kipimo, bila kujua samaki anaumwa nini, halafu bakteria wanazoea dawa na sisi tunakuja kuwala hao samaki. Kwa hiyo hamu ya kutafuta njia nyingine naielewa kabisa, ila kuna jambo moja naliweka mezani kabla hatujaanza kulinganisha: haya mafuta SIO tiba. Sato akishaumwa jambo la kwanza anaacha kula, sasa dawa iliyo kwenye chakula itamfikiaje? Ukiona wameanza kuzunguka kama wamelewa, macho yametoka nje, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa bakteria wanaoitwa streptokoka na wala usipoteze muda na karafuu, tafuta mtaalamu wa mifugo ya majini. Na kama asubuhi wanapiga midomo juu ya maji wanatafuta hewa, shida ni oksijeni, hakuna mafuta ya mmea wowote duniani yanayoleta oksijeni.

Haya tuingie kazini.

KARAFUU

Naanza na hii kwa sababu ni ya kwetu na ndo niliyoitumia muda mrefu. Kinachofanya kazi mle ndani kinaitwa yujenoli, na kwenye mafuta ya karafuu kinachukua sehemu kubwa, asilimia 70 mpaka 90 na ushee kutegemea yametolewa sehemu gani ya mti. Yujenoli inatoboa ngozi ya nje ya bakteria, wa Aeromonas wakiwemo, wale wanaoleta vidonda na matumbo kujaa maji. Sasa kuuwa bakteria kwenye kisahani cha maabara ni jambo moja na kumuuwa tumboni kwa samaki ni jambo lingine, kwa dozi ndogo tunazoweka ni kama unambana asizaliane hovyo na unasaidia utumbo ufanye kazi vizuri, usitegemee miujiza.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kuna mafuta ya karafuu yenyewe, kuna ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyoshika karafuu, na kuna ya majani. Ya karafuu yenyewe yana harufu tamu zaidi ndo maana watu wa manukato wanayapenda na bei yake iko juu. Ya makonyo na majani yana yujenoli nyingi vilevile, pengine kushinda, na ni ya bei chini. Samaki hajali manukato jamani! Chukua ya makonyo au majani. Pemba pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha ZSTC, lile shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kinachotengeneza haya mafuta miaka mingi, hadi watu wanakiita kiwanda cha makonyo, kwa hiyo huyu hatumtafuti kwa meli ya mbali.

Uzuri mwingine, ni rahisi kujua kama umepigwa. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Dondosha matone mawili kwenye glasi ya maji, yakizama uko pazuri, yakielea yote juu basi kuna mtu kakuchanganyia mafuta ya kupikia. Halafu dondosha moja kwenye karatasi nyeupe uliache mpaka kesho yake, likibaki duara la grisi kama la chapati, rudisha mzigo.

Ubaya wake sasa. Karafuu inalaza samaki, sio utani. Mililita 1 hivi kwenye ndoo ya lita 20 na samaki wanapinduka usingizini ndani ya dakika chache, sisi tunatumia hivyo tukitaka kupima samaki wazazi bila kuwaumiza. Kwenye chakula dozi ni ndogo sana hailazi mtu, ila ukizidisha samaki wanakataa kula. Mwaka wa kwanza nilijifanya mjuaji nikaweka kijiko cha chai kizima kwa kila kilo ya chakula, nikasema ngoja kinga iwe ya uhakika, asee, sato wanakuja wanaonja wanatema, wanakuja wanatema, uso wa bwawa ukawa na utando wa mafuta kama umemwaga dizeli na chakula cha siku mbili kikaozea chini. Shemeji yangu wa Chake Chake nilipomsimulia alicheka mpaka akakata simu.

OREGANO

Hii kwa upande wa ushahidi ndo inaongoza, lazima niseme ukweli japo roho yangu iko Pemba. Ina kavakroli na thimoli, vyote viwili ni vikali kwa bakteria, na mafuta haya yamejaribiwa kwenye kuku, nguruwe na samaki kwa miaka mingi, bidhaa za kiwandani zipo tayari zimeshawekwa kwenye unga. Kuna utafiti wa 2009 wa kambare wa Marekani, walipewa nusu gramu ya bidhaa ya oregano kwa kila kilo ya chakula kwa wiki nane, wakakua vizuri kuliko wale wa chakula kitupu, na walipopigwa na Aeromonas wakastahimili zaidi. Kilichonivutia mimi ni kwamba mafuta yenye mchanganyiko yalifanya vizuri kuliko kavakroli peke yake au thimoli peke yake.

Tatizo ni kwetu haitoki. Oregano nyingi inayouzwa duniani inatoka Uturuki, ikifika hapa imepita mikono mingapi? Vichupa vingi vinavyouzwa mitandaoni ni vya watu wa ngozi na nywele, mililita 10, bei yake ukipiga hesabu ya tani ya chakula utalia. Na mle ndani hujui kavakroli ni asilimia ngapi. Kama una shamba kubwa, unaagiza chakula moja kwa moja kiwandani, ongea nao wakuwekee bidhaa ya oregano ya unga iliyofunikwa ili isiruke, hapo ina maana kabisa. Kwa mwenye mabwawa mawili kama mimi, hapana.

MCHAICHAI

Mchaichai una sitrali, ndo ile harufu ya limao. Unaota popote, hata nyuma ya choo unaota, na watu wa viungo Zanzibar wanatoa mafuta yake. Kwa bakteria ni mpole kidogo kuliko karafuu na oregano, lakini nimeona samaki wanaupenda, hawatemi. Changamoto ni kwamba majani mabichi yanatoa mafuta kidogo mno, kilo 100 za majani unapata kama nusu kilo hivi ukibahatika, wakati karafuu kavu kilo 100 zinaweza kukupa kilo 15 au zaidi. Kwa hiyo ukiuziwa mafuta ya mchaichai kwa bei ya bure, jiulize. Hayazami majini kama ya karafuu kwa hiyo kile kipimo cha glasi hakikusaidii, kipimo cha karatasi ndo utumie, na pua yako.

Kuna wanaosaga majani makavu wanachanganya moja kwa moja kwenye unga wa chakula. Sio vibaya, ila majani makavu mengi ni nyuzinyuzi tu na vifaranga hawazimeng'enyi, usizidishe.

MDALASINI

Huu nitaupita haraka. Mafuta ya magome ni makali, ni ghali, yanaunguza ngozi ya mkono ukishika bila glavu. Mafuta ya majani ya mdalasini ni habari nyingine, sehemu kubwa ni yujenoli, yaani ndugu wa karafuu kabisa. Kwa hiyo mtu akikuuzia "mafuta ya mdalasini" muulize ni ya gome au ya jani, na kama ni ya jani linganisha bei na ya makonyo, chukua ya bei chini. Basi.

KITUNGUU SAUMU

Hapa nitawashangaza. Kati ya vyote nilivyovitaja, kwa mfugaji mdogo huyu ndo ningemuanzisha naye, na wala sio mafuta yake.

Iko hivi. Watu wanasifia alisini ya kitunguu saumu. Alisini haimo kwenye kitunguu kizima, inajitengeneza pale unapokiponda au kukikata, na haikai muda mrefu, ukiipika inakufa. Mafuta ya kitunguu saumu yanayotolewa kwa mvuke hayana alisini, yana vitu vingine vya salfa vinavyotokana nayo, vina kazi yake lakini ukilipa hela ukidhani umenunua alisini umenunua hadithi. Na kitunguu kinatoa mafuta kidogo sana, hata nusu ya asilimia hakifiki, ndo maana mafuta halisi ni ghali na ya uongo ni mengi.

Wakati huohuo Misri, ambako sato wa kufugwa ni wengi kuliko nchi yoyote Afrika, walishajaribu kitunguu saumu cha kawaida kwenye chakula cha sato, gramu 10 mpaka 40 kwa kilo, na waliopewa gramu 30 wakakua vizuri zaidi. Kwa hiyo wewe ponda vitunguu, acha dakika kumi alisini ijitengeneze, changanya na mafuta kidogo ya kula, paka kwenye peleti, lisha siku hiyohiyo au kesho yake. Mikono itanuka na mke atalalamika (kwangu aliniambia nilale na samaki wangu), ila samaki wanakikimbilia ajabu. Kibaya ni kazi. Kila siku kumenya vitunguu kwa ajili ya samaki 3,000 haiwezekani, ukifika huko ndo unarudi kwenye mafuta ya karafuu.

UNANUNUA PELETI AU UNATENGENEZA?

Nilisema mafuta yanaruka. Peleti zinazoelea zinapita kwenye mashine yenye joto zaidi ya nyuzi 100, ukiweka mafuta kwenye unga kabla ya mashine, mengi yanaondoka na mvuke na wanaofaidi harufu ni mafundi wa kiwandani. Na wewe unayetengeneza peleti za kuzama na mashine kama ya kusagia nyama, joto sio kubwa, lakini unakuja kuanika juani siku nzima, yaleyale.

Kwa hiyo mafuta yanawekwa MWISHO, juu ya peleti kavu. Ninavyofanya mimi, mfuko wa kilo 25 nachukua gramu 12 na nusu za mafuta ya makonyo, ni kama mililita 12, kijiko cha mezani kisichojaa. Hiyo ni nusu gramu kwa kilo. Nazikoroga kwenye robo lita ya mafuta ya alizeti maana peke yake hazisambai, peleti moja itapata zote na nyingine ikose. Napulizia huku mtu anageuza kwenye turubai, kivulini, naacha kama nusu saa mafuta yanywewe, narudisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Sichanganyi ya zaidi ya siku nne. Chupa ya mafuta iwe ya kioo cheusi, karafuu inakula baadhi ya plastiki, niliweka kwenye kikombe cha plastiki nikakuta kimekuwa laini.

Na wale mnaobadili jinsia ya vifaranga kwa homoni, msichanganye mafuta kwenye hicho chakula. Acheni kimalize wiki zake tatu nne, ndo muanze.

HESABU

Hapa ndo wengi hawafiki. Tuseme unataka kuvuna tani 1 ya sato, na bila mafuta unatumia kilo 1,600 za chakula. Tuseme mafuta yamesaidia sana, ukatumia kilo 1,500. Umeokoa kilo 100. Lakini kwa kilo 1,500 umetumia gramu 750 za mafuta ya karafuu NA lita 15 za alizeti za kusambazia, hizo alizeti watu huwa wanazisahau kabisa. Weka bei za kwenu. Kama gramu 750 pamoja na lita 15 zinazidi bei ya kilo 100 za chakula, umefanya kazi ya kujifurahisha. Kwa bei ninazonunulia mimi inabana sana, na hiyo ni kama kweli umeokoa kilo 100, jambo ambalo huna uhakika nalo.

Sasa geuza upande wa vifaranga. Vifaranga 1,000 wa gramu 5 ni kilo 5 za samaki, wanakula kama gramu 400 kwa siku, kwa wiki tatu hata wakiongezeka hufiki kilo 15 za chakula. Hata ukiweka gramu 1 kwa kilo, ni gramu 15 tu za mafuta. Hiyo ni hela ya vocha. Na huo ndo umri wanaokufa sana, wametoka kusafirishwa, wamebanana kwenye mifuko, wamekwaruzana magamba. Kwa hiyo mimi nilishaacha kulisha mafuta kuanzia mwanzo mpaka mavuno. Naweka wiki mbili tatu za kwanza baada ya vifaranga kufika, naweka tena wiki moja kabla na moja baada ya kuwahamisha au kuwachambua kwa ukubwa, na naweka Juni na Julai maana huku Morogoro maji yanapoa na sato hapendi baridi, kinga inashuka.

Kwa hiyo chagua hivi. Una vifaranga wachache na muda upo, kitunguu saumu kibichi, usinunue mafuta yoyote. Una mabwawa kadhaa na unanunua peleti, mafuta ya makonyo au ya majani ya karafuu, nusu gramu kwa kilo, kwa vipindi. Uko Kenya au Uganda na karafuu unaipata kwa bei mbaya ila kuna jirani anatoa mafuta ya mchaichai na unamwamini, tumia hayo kwa kipimo hichohicho. Una vizimba vingi na unaagiza chakula kwa tani, zungumza na kiwanda kuhusu oregano ya unga, na wakuoneshe karatasi ya maabara inayosema kavakroli ni kiasi gani, wakizungukazunguka achana nao. Mdalasini acha kwa pilau.

Usichanganye mafuta matatu kwa mpigo pia, maana yakifanya kazi hujui ni lipi na yakiharibu hujui ni lipi. Chukua vyandarua viwili vya kulelea vifaranga, vile vinavyoitwa "hapa", weka kwenye bwawa moja, idadi sawa, ukubwa sawa, mmoja chakula kitupu kilichopakwa alizeti tu, mwingine alizeti na karafuu. Pima kila baada ya wiki mbili, andika waliokufa. Mara yangu ya kwanza kufanya hivi nilikuta upande wa karafuu wamekufa wachache ila uzito ni uleule, nikajua kumbe mimi nanunua uhai wa vifaranga wala sio ukuaji, na ndo hapo nilipobadilisha ratiba yote.

Kuhusu nyama kunuka karafuu, kwa dozi hiyo mteja wangu hajawahi kulalamika, ila bado naacha wiki moja nzima kabla ya kuvuna. Kuna mama ntilie mmoja pale stendi aliniuliza kama samaki wangu nawapikia pilau, hiyo ilikuwa ile miezi ya kijiko kizima.